Herufi RMAN kwenye daraja la chuma: ni la Mjerumani au la Mwingereza?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja wilayani Korogwe, Tanga. Karibu na kijiji chetu kuna daraja la zamani la chuma. Siku hizi wanapita watembea kwa miguu na bodaboda, juu ya mbao. Urefu ni kama mita 30 na nusu. Limefungwa kwa ribiti za vichwa vya mviringo, na pembeni vyuma vimekaa kama herufi N zinazofuatana, vyumba vinane. Kuta za kingoni ni za mawe ya kuchonga, ila juu ya mawe kuna zege. Kwenye bimu moja, chini ya rangi, zinasomeka herufi RMAN, ndiyo maana kila mtu hapa anasema ni GERMAN. Kimo cha bimu hiyo ni sentimita 30 na nusu. Kibao hakipo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameanza kulizungukazunguka. Nitajuaje lilijengwa lini na nani, na wanafunzi wangu waandikeje historia yake bila kubahatisha?

JIBU: Mwalimu, neno "German" wasiliandike kwanza. Mjerumani wa mwaka 1900 hakujiita "German" kwenye chuma chake, maana kwa lugha yake yeye ni "Deutsch". Viwanda vyao vya chuma vilichapa majina yao wenyewe: Krupp, Burbach, Phoenix, au Gutehoffnungshütte kwa kifupi chake cha G.H.H. Neno lenye RMAN kwenye bimu ya zamani huku kwetu, dhana ya kwanza iwe DORMAN, yaani DORMAN LONG, kiwanda cha Middlesbrough, kaskazini mwa Uingereza. Kilianzishwa 1875, na ndicho kilichojenga daraja la bandari ya Sydney lililofunguliwa 1932.

Jambo hili mnaweza kulimaliza kwa asubuhi moja. Herufi za kiwanda zilichongwa kwenye rola zilizokuwa zikiikandamiza bimu ingali nyekundu kwa moto, kwa hiyo zimetuna, hazikuzama, na zinajirudia kila rola ilipomaliza mzunguko wake. RMAN ya mahali pamoja ina ndugu zake mbele na nyuma kwenye bimu hiyohiyo. Fuata mstari huo hadi mwisho wa bimu, kisha geukia bimu za jirani. Msikwangue rangi. Rangi ya chini ya madaraja ya zamani kwa kawaida ilikuwa ile nyekundu yenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Futeni kwa kitambaa chenye maji, wekeni karatasi nyembamba juu ya herufi, msugue taratibu kwa ubavu wa kipande cha mkaa au penseli nene. Kinachotuna kitatokea cheusi. Kama mkaa haujasaidia, rudini jioni jua likizama na tochi ya simu, mmulike kwa ubavu karibu kabisa na chuma. Kivuli kitasoma kile ambacho jua la mchana halikionyeshi.

Hata mkipata DORMAN LONG nzima, mmepata kiwanda kilichotengeneza bimu, si aliyejenga daraja. Nembo ya kiwanda cha kitambaa haikutajii fundi aliyeshona kanzu. Bimu za Middlesbrough ziliuzwa duniani kote, na mkandarasi wa taifa lolote angeweza kuzinunua. Kwa hiyo herufi peke yake haitoshi. Kinachotosha ni herufi, vipimo na ukuta vikisema jambo moja.

Vipimo ndivyo ninavyoviamini kuliko kitu kingine, na wewe tayari umeniletea kimoja kizuri sana. Bimu za Wajerumani zilifuata vipimo sanifu vya tangu miaka ya 1880, vyote kwa milimita: iliyoitwa namba 30 ina kimo cha milimita 300 na upana wa milimita 125. Waingereza walihesabu kwa inchi, na bimu yao ya inchi 12 kwa 5 ina kimo cha milimita 305 na upana wa 127. Umepima sentimita 30 na nusu. Hiyo ni inchi 12. Usitegemee upana, kwa kuwa tofauti ya milimita mbili inamezwa na rangi na kutu. Tegemea kimo, tena ukipime mahali patatu palipo safi. Rangi nene juu na chini inaweza kukuongezea milimita mbili tatu, na hapo 300 ikaanza kufanana na 305. Mkiwa na kalipa ya fundi wa gereji, kile kipimio cha taya mbili, itumieni kwenye vyuma vya engo pia, yaani vile vyenye umbo la L. Engo yenye ubavu wa milimita 80 au 100 ni ya kipimo cha mita. Yenye 76, 89 au 102 ni ya inchi 3, 3 na nusu, na 4.

Urefu wa daraja nao unasema. Wahandisi wa Kiingereza walipenda urefu wa futi zilizotimia, kama 40, 60 au 100. Futi 100 ni mita 30.48. Kipimo chako cha "mita 30 na nusu hivi" kinagonga hapo hapo, ila sijui ulianzia wapi kupima. Urefu unaohusika hapa ni kutoka katikati ya kikalio cha upande mmoja hadi katikati ya kikalio cha upande wa pili, pale kenchi, yaani ile fremu ya pembeni yenye herufi N, inapokaa juu ya ukuta. Kwa kuwa kupima mtoni ni kazi ngumu, pimeni chumba kimoja cha kenchi badala yake: kutoka katikati ya chuma cha wima hadi katikati ya kinachofuata, kwenye mkanda wa chini, yaani chuma kirefu cha chini cha kenchi. Vyumba ni vinane. Daraja likiwa la futi 100, kila chumba ni futi 12 na inchi 6, yaani mita 3.81. Likiwa la mita 30 kamili, kila chumba ni mita 3.75. Sentimita sita hazimpotei mtu mwenye tepu ya chuma. Pimeni vyumba vinne tofauti, muandike kila namba kama ilivyo, bila kuisawazisha.

Ribiti zinafuata. Chagueni ribiti 11 zilizo kwenye mstari mmoja ulionyooka, mpime kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Hizo ni nafasi kumi, na kosa la mkono linagawanyika kwa kumi. Milimita 1016 maana yake kila nafasi ni inchi 4. 762 ni inchi 3. Jumla ikitua kwenye 800, 900 au 1000, mchoraji wake alifikiri kwa milimita. Boliti msizihesabu katika ushahidi huu. Wajerumani wenyewe walitumia nyuzi za Whitworth, kipimo sanifu cha Kiingereza cha inchi, kwa miaka mingi baada ya 1900, kwa hiyo nati ya inchi haikatai wala haithibitishi lolote. Boliti yenye alama ya nguvu 8.8 kichwani ni ya ukarabati wa nusu ya pili ya karne ya 20 au baadaye. Iandikeni kama ukarabati, na mchore ni kwenye kifundo kipi, yaani pale vyuma vinapokutana.

Umbo la N, ambalo watu wengi hulikimbilia kwanza, kwa swali lako halina msaada mkubwa. Aina hiyo huitwa Pratt, kwa jina la Wamarekani wawili, baba na mwana, waliopata hataza yake 1844. Ile ya herufi V zinazofuatana ni ya Warren, ya 1848. Kufikia wakati wa reli ya Tanga, Mjerumani na Mwingereza wote walizitumia zote mbili. Lakini waonyeshe wanafunzi namna linavyofanya kazi, kwa sababu unene wa vyuma unasomeka kama kitabu: katika Pratt vyuma vya wima vinabanwa, kwa hiyo vimetengenezwa vinene, mara nyingi engo mbili zilizounganishwa kwa vibapa vya kukingamana ili visipinde, vya mshazari vinavutwa, kwa hiyo vinaweza kuwa vibapa vyembamba. Mzigo mkubwa wa mkanda wa juu na wa chini uko katikati ya daraja, na ndipo utakapoona plati zimeongezwa moja juu ya nyingine. Umbo linasaidia sana kwa jambo moja: kulitenga daraja la Bailey. Hilo lina paneli zinazofanana kabisa, kila moja urefu wa futi 10, mita 3.05, ndani yake umbo la almasi, zimeungwa kwa kuchomelea na kufungwa kwa pini. Lilibuniwa Uingereza 1940–41 kwa ajili ya vita. Madaraja kadhaa ya namna hiyo yanaitwa "ya Mjerumani" na watu waliozaliwa baada yake. Lako si hilo, kwa kuwa lina ribiti.

Sasa ukuta, na hapa ndipo ninapoona historia yenyewe ilipolala. Mawe ya kuchonga chini, zege juu, bimu za inchi juu ya zege: hizo ni dalili za daraja lililojengwa kwa nyakati mbili.

Kama daraja lilikuwa la reli, tarehe ni hizi: reli ilianzia Tanga 1893, ikafika Muheza 1896. Kampuni iliyoianza ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Ilikuwa reli ya upana wa mita moja, na kila kipande cha chuma cha daraja kilikuja kwa meli. Kenchi iliungwa kwanza kiwandani Ulaya kwa majaribio, kila kipande kikagongwa alama, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaungwa upya mtoni kwa ribiti za moto. Mawe ya kuta yalipatikana hukuhuku. Mwaka 1916 majeshi ya Kijerumani yaliporudi nyuma kutoka Kilimanjaro, yalivunja njia nyuma yao. Daraja la reli la Kahe lililipuliwa mwezi Machi mwaka huo. Waingereza wakaingia Korogwe tarehe 15 Juni na Tanga tarehe 7 Julai.

Ili kuangusha kenchi, askari hahitaji kubomoa ukuta wa mawe, kazi inayokula baruti nyingi. Akiukata mkanda wa chini mahali pamoja, chuma chote kinakwenda mtoni. Kwa hiyo baada ya vita kuta nzuri zinaweza kubaki zimesimama bila daraja juu yake. Atakayejenga upya anazitumia, ila kenchi yake mpya haina kimo wala urefu sawa na ile ya kwanza, na hapo anamwaga zege juu ya mawe ili kupandisha kikalio au kukisogeza. Kwa maelezo uliyonipa, hivi ndivyo ninavyolisoma daraja lenu: kuta za wakati wa Mjerumani, chuma cha wakati wa Mwingereza. Wazee wenu wanaobishana wanaweza kuwa wanasema kweli pande zote.

Dai hilo lina mahali pa kupimwa. Tazameni uso wa juu wa jiwe chini ya zege, na pembeni mwa vikalio. Mkiona mashimo ya boliti yasiyo na kazi, visiki vya boliti vilivyokatwa, au kitako cha zamani kilichochongwa kwenye jiwe ambacho hakilingani na kikalio cha leo, hapo palikaa daraja lingine. Kama mawe yako safi, hayana shimo wala kisiki, na viungo vya zege na mawe vinaonyesha vilijengwa kwa wakati mmoja, basi nimekosea, na daraja lote ni la baada ya 1916. Kuna uwezekano wa tatu: kiungo cha reli cha Ruvu hadi Mnyusi kilijengwa 1963, na Mnyusi ipo wilayani kwenu. Daraja lililo kwenye tuta la njia hiyo halina Mjerumani ndani yake, liwe na sura ya kizee namna gani.

Tafuteni pia alama za kuungia, tofauti na zile za kiwanda. Hizi ziligongwa kwa patasi ya herufi, kwa hiyo zimezama, ndogo, karibu na ncha za vyuma na kwenye plati za vifundo. Wahandisi wa Kijerumani waliita mkanda wa juu O, wa chini U, wima V, mshazari D. Mkikuta O3 au U4 kwenye chuma, nipe habari haraka, kwa sababu itavuruga yote niliyosema juu ya bimu: inaweza kuwa kenchi ni ya zamani na bimu za sakafu ndizo zilizobadilishwa. Jambo hilo hutokea. Bimu za sakafu ndizo zinazoliwa kwanza na kutu na kuchoshwa na magurudumu, nazo hubadilishwa kenchi ikiachwa. Kwa hiyo kabla ya yote hakikisheni ile bimu ya RMAN ni ya wapi: ni sehemu ya kenchi, au ni ya sakafu tu?

Mkiwa huko chini, hesabuni bimu za urefu zilizobeba mbao. Mbili tu, zilizokaa karibu na katikati, maana yake lilikuwa la reli, kila moja chini ya reli yake. Nyingi zilizotawanyika upana wote ni za barabara. Zikiwa mbili, pimeni zilivyoachana: njia kuu ni ya milimita 1000, reli ndogo ya Tengeni hadi Sigi ilikuwa ya 750, na troli za mashamba ya mkonge kwa kawaida zilikuwa nyembamba zaidi, 600. Bimu huachana zaidi kidogo ya reli zenyewe. Vipande vya reli vilivyogeuzwa nguzo za uzio navyo vina jina la kiwanda na mwaka ubavuni, lakini reli huhamishwa mara nyingi. Mwaka ule ni wa reli, si wa daraja.

Nije kwenye usalama, kwa sababu mmesema bodaboda zinapita. Kutu ya hatari haiko kwenye vyuma vya juu vinavyoonekana. Iko kwenye vifundo vya mkanda wa chini, pale udongo na majani vinapolala na kushika maji, na kati ya plati mbili zilizobanana. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, hivyo inazitanua plati hadi kuvunja vichwa vya ribiti. Wekeni kidole upande mmoja wa ribiti, mgonge upande wa pili kwa nyundo ndogo. Iliyo nzima inalia kwa ukali na haitikisiki. Iliyolegea inatoa mlio mfu na kidole kinauhisi mtikisiko. Mchirizi wa kutu unaoshuka kutoka chini ya kichwa cha ribiti ni dalili hiyohiyo. Pimeni kwa kalipa plati iliyoliwa na iliyo safi: kama safi ni milimita 12 na iliyoliwa ni 8, theluthi imekwenda. Safisheni vikalio pia. Chuma cha mita 30 na nusu kikipanda joto nyuzi 30, kutoka alfajiri hadi jua la saa nane, kinarefuka karibu milimita 11. Kikalio cha kuteleza kikizibwa na udongo, msukumo huo wote unaingia ukutani. Na msiruhusu mtu achomelee kitu kwenye chuma hicho bila mhandisi kukipima. Vyuma vya zamani vina fosforasi na salfa nyingi kuliko vya leo, na kiungo cha kuchomelea hupasuka ghafla. Hata hivyo madaraja ya namna hii mara nyingi huuawa na maji yanayochimba chini ya ukuta, si na mzigo. Kiangazi, maji yakipungua, tazameni mguu wa kila ukuta kabla ya kitu kingine.

Kuhusu vyuma chakavu, kwanza mjue daraja ni la nani. Likiwa ndani ya hifadhi ya reli ni mali ya Shirika la Reli, na barua iende kwao. Hata kibali cha kuingia na wanafunzi kinatoka huko. Likiwa kwenye barabara ya wilaya, mwandikieni mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na nakala kwa halmashauri. Msitegemee Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iwalinde yenyewe: inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886, na reli ya Tanga ilianza miaka saba baadaye. Daraja kama hili linahitaji kutangazwa rasmi na waziri, na ombi lenye picha, vipimo na mchoro lina nguvu kuliko ombi lenye "wazee wanasema".

Lakini wazee waulizwe, tena mapema. Msiwaulize lilijengwa lini, maana hakuna aliyekuwepo. Waulizeni walichokiona: ulipoanza shule, juu yalikuwa mataruma au mbao? Maji ya Elinino ya 1997 na 1998 yalifika wapi kwenye ukuta? Nani alipaka rangi mara ya mwisho, na ilikuwa rangi gani?

Kwa karatasi, anzeni na Makumbusho ya Urithi Tanga, kwenye Boma la zamani mjini, wana picha za zamani. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya Kijerumani na ya Kiingereza. Mafaili ya wizara ya makoloni yako Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, Berlin, fungu R 1001, na picha nyingi za reli zimewekwa mtandaoni na maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Ombeni kwa jina la mto, si la kijiji, na mjaribu tahajia za zamani: Muheza iliandikwa Muhesa, Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na Mto Pangani sehemu za juu uliitwa Ruvu. Mjerumani alihesabu kilomita, Mwingereza maili. Daraja lililo kilomita 80 kutoka stesheni ya Tanga katika faili la 1910, kwenye faili la miaka ya 1920 litafuteni karibu na maili ya 50.